Kuikinga nyumba ya mawe na ya zege isiliwe na unyevu: mwongozo kwa wenye nyumba wa Lamu

Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunywa maji, kisha huyatoa ukiachiwa nafasi ya kuyatoa. Nyumba za Mkomani, mtaa wa mawe wa Mji Mkongwe wa Lamu, zimesimama vizazi kwa vizazi kwa mpango huo: kuta nene, nyingi zikikaribia nusu mita, boriti za mikoko, sakafu ya chokaa iliyopigwa hadi ikashikana, na plasta ya chokaa ndani na nje. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ujenzi huo wa mawe ya matumbawe na boriti ni sehemu kubwa ya sababu. Hata hivyo, nyumba nyingi zimepigwa plasta ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta kwa nia njema ya kuziimarisha, na tangu hapo ukuta umeanza kuoza kwa ndani huku uso wake ukionekana mgumu. Pembeni ya mji, na kwa wingi zaidi Malindi, zimejengwa nyumba za matofali ya saruji na slabu za zege, ambazo nazo zina maradhi yake, kwa kuwa hewa ya bahari hula nondo.

Mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja ambao haufai kupinduliwa. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Pili yazuie yasifike ukutani. Tatu uache ukuta ukauke. Na baada ya hayo ndipo upige plasta na kupaka rangi. Wenye nyumba wengi huanzia mwisho, kwa sababu plasta na rangi ndizo zinazoonekana na mgeni, na kila baada ya masika hulipa tena kwa kazi ile ile.

Hatua ya kwanza: jua maji yanatoka wapi

Usimwite fundi kabla hujauchunguza ukuta wako mwenyewe, kwani wewe ndiye unayeuona asubuhi na jioni, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, naye atauona kwa nusu saa tu.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini hukaa chini ya ukuta. Maji hupenya katika vitundu vya jiwe na chokaa na kupanda kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa kandili, na kwa kawaida huishia kwenye kimo cha mita moja hivi, ambako hukauka na kuacha chumvi. Ukiona mstari unaozunguka chumba kwa kimo kinacholingana, wenye unga mweupe au plasta iliyotuna, hiyo ndiyo alama yake. Unyevu wa mvua inayopigwa na upepo hauna mstari wa namna hiyo. Hujitokeza kwa mabaka upande unaopigwa na kusi, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, na zaidi penye ufa au pembeni mwa dirisha. Maji ya darini huanzia juu na kushuka, na mara nyingi huacha michirizi ya hudhurungi kwenye ncha za boriti zinapoingia ukutani. Baka lisilokauka hata katikati ya kaskazi, mbingu ikiwa kavu, karibu kila mara linatoka kwenye choo, birika (hodhi la maji lililojengwa nyumbani), bomba au shimo la maji machafu, la kwako au la jirani mnayeshirikiana naye ukuta.

Kuna dalili moja inayowapoteza wengi, nami nitaieleza kwa kirefu kwa sababu fedha nyingi humwagwa hapo. Ukuta huwa umelowa alfajiri, mkono ukiupitisha unatoka na majimaji, lakini kufikia adhuhuri umekauka, na hakuna mvua iliyonyesha kwa wiki kadhaa. Fundi ataapa kwamba kuna bomba linalovuja. Mara nyingi hakuna bomba wala uvujaji. Chumvi ya kawaida iliyomo ukutani huvuta maji kutoka hewani pindi kiwango cha unyevu wa hewa kinapopita asilimia 75 hivi, na hewa ya pwani yetu huvuka kiwango hicho mara kwa mara, hasa usiku na asubuhi. Jua likipanda na hewa ikikauka kidogo, chumvi hutoa maji hayo na kuganda tena. Kila inapoganda, fuwele zake husukuma vitundu vya jiwe na plasta, na ukilitazama eneo hilo kwa karibu utaona punje za plasta zimejikusanya sakafuni chini ya ukuta, laini kama zilizokunwa. Ukuta wa namna hii una maradhi ya chumvi, na hata ukichimba nyumba nzima kutafuta bomba hutapona nayo.

Ili kutofautisha unyevu wa ukuta na umande unaotua kutoka hewani, kata kipande cha karatasi nzito ya plastiki cha nusu mita kwa nusu mita, ukibandike ukutani kwa utepe unaonata pande zote nne, ukiache kwa siku mbili. Matone yakiwa upande wa nje, unaotazama chumbani, tatizo ni hewa ya chumba. Yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Tena chora kwa penseli ukingo wa kila baka, uandike tarehe kando yake, kisha urudie baada ya mvua na baada ya kiangazi. Michoro hiyo itakuonyesha baka linakua au linarudi nyuma, na itakuwa ushahidi mzuri mbele ya fundi anayetaka kubomoa haraka.

Unga mweupe usiuchanganye na kuvu. Unga wa chumvi huyeyuka ukiutia katika maji. Kuvu haliyeyuki, huwa na madoa meusi au ya kijani, na hupenda pembe za chumba zisizopata hewa na nyuma ya makabati.

Hatua ya pili: anzia juu

Mvua ya milimita 10, ambayo masika hushuka kwa muda mfupi sana, ikinyesha juu ya dari, yaani paa bapa la nyumba, ya mita 10 kwa 8 hutoa lita 800 za maji. Maji hayo yote lazima yapate njia. Mlizamu (mfereji mfupi unaotoa maji ya dari nje ya ukuta) mmoja uliozibwa na majani au kiota cha ndege unatosha kuyafanya yatuame, na yakituama yatapata ufa. Panda darini kabla ya Aprili, toa uchafu katika kila mlizamu, kisha mwaga ndoo mbili za maji sehemu ya mbali zaidi na uyafuate kwa macho hadi yatoke. Mteremko wa dari uwe angalau sentimita moja na nusu kwa kila mita. Tena tazama maji yanaangukia wapi: mlizamu mfupi unaomwaga maji ukutani ni hasara kuliko kukosa mlizamu, kwa sababu huyakusanya maji ya dari nzima na kuyapiga mahali pamoja. Ncha yake ipite uso wa ukuta kwa sentimita 30 au zaidi, au maji yapokewe na bomba la kushuka hadi chini. Ukiweza kuyaelekeza kwenye birika au tangi, utakuwa umepata maji matamu katika mji ambao visima vyake vingi vina chumvi.

Sakafu ya chokaa ya darini ikipasuka, izibe kwa chokaa. Panua ufa kwa patasi hadi upate kingo imara, toa vumbi, lowesha, kisha jaza kwa chokaa na vipande vidogo vya mawe, ukishindilia kwa kupigapiga mpaka maji yapande juu na uso ukazane. Kazi ya kupiga ndiyo inayoziba vitundu, na ukiiharakisha umejenga ungo.

Jambo ninaloliomba kwa moyo wangu wote ni kwamba usimwage tabaka la saruji juu ya dari ya kale. Chumba cha Lamu kina upana mdogo kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Chukua chumba cha mita 2.5 kwa 6: tabaka la saruji la sentimita 5 juu yake ni robo tatu za mita mchemraba, yaani zaidi ya tani moja na nusu, nazo zinaongezwa juu ya boriti ambazo huenda ncha zake zimekwisha kuliwa na unyevu na mchwa ndani ya ukuta, mahali usipopaona. Saruji hiyo nayo itapasuka, kwa kuwa ni ngumu na chini yake pana kitu kinachonyumbuka, na maji yakishaingia kwenye ufa hayatakuwa na pa kutokea. Ukitaka kuchungulia hali ya boriti, choma ncha yake karibu na ukuta kwa msumari mrefu: ukizama kwa urahisi, hiyo ni kazi ya kubadilisha boriti, na sakafu lazima itegemezwe kwanza.

Paa la makuti juu ya dari ni kinga nzuri sana, mradi lishuke kwa mwinuko mkali na lipite ukuta kwa kutosha ili maji yaanguke mbali. Makuti yaliyochoka huvuja kidogo kidogo mahali pengi kwa pamoja, kwa hiyo yakaguliwe kila mwaka na yasisubiriwe hadi mtu alowe kitandani.

Juu ya kuta za darini na kwenye nyufa huota miche, hasa jamii ya mikuyu, inayoletwa na ndege. Ing'oe ikiwa na majani mawili matatu. Ukiiacha ikawa na shina, mzizi wake utapita katikati ya ukuta, na kuuvuta ni kuubomoa ukuta wenyewe. Hapo ikate, uue mzizi kwa dawa ya magugu kwenye jeraha bichi, kisha uzibe kwa chokaa baada ya mzizi kukauka.

Hatua ya tatu: uondolee mguu wa ukuta maji

Vichochoro vyetu vimeinuliwa mara kwa mara kwa tabaka za saruji, na katika nyumba nyingi ardhi ya nje sasa iko juu kuliko sakafu ya ndani. Ukuta wa namna hiyo unalowa kutoka pembeni, na hakuna plasta itakayoutibu. Inapowezekana, ardhi ya nje ishushwe hadi iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15. Isipowezekana, achia kando ya ukuta mkanda wa upana wa sentimita 30 usio na saruji, ujazwe kokoto juu ya mfereji mwembamba wenye mteremko, ili ardhi iliyo chini ya ukuta ipumue. Kichochoro ni cha umma, kwa hiyo zungumza na majirani na ofisi za kaunti kabla ya kugusa chochote. Na ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe, shauriana pia na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya juu ya mabadiliko yoyote ya nje.

Mtaro unaopita ubavuni mwa nyumba uwe mzima na usafishwe. Mtaro uliopasuka humwaga maji machafu chini ya msingi kila siku ya mwaka, na maji hayo hubeba chumvi kali kuliko ya mvua. Choo cha juu kipimwe kwa kuziba tundu lake, kumwaga maji ya kina cha sentimita mbili sakafuni, na kusubiri saa 24 huku mtu akitazama ukuta na dari ya chini. Birika lipimwe kwa kulijaza, kuweka alama ya penseli, na kulifunika usiku kucha. Maji yakishuka bila mtu kuchota, plasta yake imepasuka.

Kwa nyumba mpya, jambo hili hukatwa mzizi siku ya msingi. Tabaka la kuzuia unyevu, ambalo mafundi huliita DPC, liwekwe juu ya ukuta wa msingi kwa upana wote wa ukuta, sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi ya nje, lipishane angalau sentimita 15 kila linapoungwa, na liungane na karatasi ya plastiki iliyo chini ya sakafu. Kisha lilinde baadaye: plasta ya nje ikishushwa hadi ardhini, au udongo wa bustani ukirundikwa ukutani, maji hulipita tabaka hilo kwa nje kana kwamba halipo. Kuchoma sindano za dawa katika ukuta mnene wa mawe ya matumbawe ili kupata tabaka kama hilo sikushauri, kwa sababu ukuta huo umejaa mapengo yasiyolingana na dawa haiwezi kuenea sawasawa.

Hatua ya nne: vua saruji, uache ukuta ukauke

Sasa ndipo patasi inapofaa. Plasta ya saruji juu ya mawe ya matumbawe ibanduliwe angalau nusu mita juu ya mstari wa unyevu, kwa nyundo nyepesi na patasi inayolazwa kando, bila kupiga kwa nguvu kuelekea ukutani. Sehemu nyingi zitaanguka kwa vipande vikubwa kwa sababu zilikuwa zimekwisha kuachia. Gonga kwa fundo la kidole nawe utasikia uwazi. Sehemu iliyoshika sana ambayo ikivutwa inang'oa na jiwe, iache mahali pake na ukate kingo zake vizuri. Vifusi vichukuliwe na punda siku ile ile, visilazwe miguuni mwa ukuta, kwa maana vina chumvi na mvua itairudisha ndani.

Chumvi iliyo juu iondolewe kwa brashi kavu na kuzolewa. Usiioshe kwa maji, kwa sababu maji huiyeyusha na kuirudisha jiweni. Pale chumvi ilipozidi, kanda udongo wa mfinyanzi na mchanga uliooshwa kwa maji matamu hadi uwe ujiuji mzito, ubandike unene wa sentimita mbili, uache ukauke mpaka upasuke wenyewe, kisha uubandue na kuutupa mbali. Unapokauka huvuta maji ya ukuta pamoja na chumvi yake. Rudia mara mbili au tatu. Njia nyingine ni kupiga plasta ya muda ya chokaa dhaifu na mchanga mwingi, kuiacha ijazwe chumvi kwa mwaka mmoja au miwili, na kuibandua. Ni njia ya watu wenye subira, na kwa nyumba zilizoathirika sana naiona ndiyo bora.

Kukauka huchukua muda kuliko wengi wanavyotaka kuambiwa. Makadirio yanayotumiwa sana ni milimita 25 za unene kwa mwezi, yaani ukuta wa sentimita 50 unaokaukia pande zote mbili huhitaji miezi kumi hivi. Kwa hiyo anza kubandua masika yanapoisha, Julai au Agosti, upake maji ya chokaa mepesi upande wa nje ili kuvuka vuli, kisha uache kaskazi ifanye kazi yake. Madirisha yawe wazi mchana. Usiwashe moto wala taa kali kuulazimisha ukuta ukauke, kwa sababu chumvi itakimbilia juu kwa wingi na kulipua uso wa jiwe.

Hatua ya tano: plasta ya chokaa

Jiwe la chokaa au la matumbawe likichomwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi hupoteza hewa ya kaboni na kuwa chokaa hai. Likizimwa kwa maji hulainika, na likipigwa ukutani huivuta tena hewa ile ile ya kaboni na kurudi kuwa jiwe. Kwa sababu hiyo plasta ya chokaa haikauki tu, bali hugeuka jiwe polepole, na inahitaji unyevu kidogo na hewa kwa wiki kadhaa ili igeuke. Ikianikwa jua kali la Februari bila kinga hukauka kabla ya kushika, na utaipangusa kwa mkono kama vumbi.

Chokaa hai huzimwa kwa kuitia polepole ndani ya maji mengi. Usimimine maji juu ya chokaa, kwa kuwa huchemka ghafla na kurukia macho. Fundi avae miwani na glavu, watoto wawe mbali, na ndoo ya maji safi iwe karibu, ili ikimwingia mtu jichoni aoshwe hapo hapo kwa muda mrefu na kupelekwa hospitali. Chokaa iliyozimwa ichujwe, ihifadhiwe chini ya maji kwenye shimo au pipa lililofunikwa, na ikae miezi mitatu au zaidi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na yenye kunata. Chokaa ya unga ya mfukoni inaweza kutumika ikiwa mpya, ikilowekwa siku moja au mbili kabla.

Mchanga una umuhimu sawa na chokaa katika jambo hili. Mchanga wa ufukweni una chumvi, nao hurudisha ukutani maradhi yale yale uliyohangaika kuyatoa. Mchanga wa vilima vya Shela usiguswe, kwani vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji. Tafuta mchanga wa bara wenye punje kubwa na ndogo zilizochanganyika, kisha uuoshe kwa maji matamu hadi maji yanayotoka yawe safi na ukiyaonja kwa ncha ya ulimi usisikie chumvi.

Changanya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, ukipondaponda bila kuongeza maji mengi. Mchanganyiko mzuri hukaa juu ya mwiko ukiugeuza ubavu. Loweka ukuta tangu jana yake na tena asubuhi, usiwe unachuruzika. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya mawe na chokaa. Tabaka la kwanza lirushwe kwa nguvu ili lishike, unene wa milimita 8 hadi 12, likwaruzwe mistari ya mshazari likianza kukaza, na liachwe wiki moja au zaidi. Tabaka la pili lifuate kwa unene huo huo, na nyufa ndogo zinazotokea zisuguliwe kwa kibao cha mti wakati bado kuna ubichi. Tabaka la mwisho liwe jembamba, milimita 3 hivi. Muda wote huo ning'iniza magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, au turubai upande wa jua na upepo, na unyunyize maji mara kadhaa kwa siku kwa siku saba za mwanzo.

Usikubali fundi akuongezee «kidogo tu» saruji ili ishike haraka. Kiasi kidogo cha saruji huidhoofisha chokaa bila kuipa nguvu ya saruji, na kikubwa kinakurudisha ulikotoka. Mwisho paka maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mara nne au tano, kila mkono ukikauka kwa siku moja na ukuta ukiloweshwa kidogo kabla ya mkono unaofuata. Wapo wanaotia chumvi ili chokaa isipanguke. Kwenye ukuta wenye maradhi ya unyevu acha kabisa desturi hiyo, na kwa upande wa nje tumia mafuta kidogo ya mnyama yaliyoyeyushwa ndani ya chokaa inapozimwa ikiwa bado ya moto. Rangi ya mafuta na rangi za plastiki ziache kwa milango.

Hatua ya sita: nyumba ya zege

Katika zege adui ni chumvi inayofika kwenye nondo. Zege jipya lina ualkali mkali unaoilinda nondo isishike kutu, lakini chumvi ya bahari huivunja kinga hiyo, na hewa ya kaboni huipunguza polepole mwaka hadi mwaka. Kutu ikianza, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na hata zaidi, na nafasi hiyo huipata kwa kulipasua zege. Ufa ulionyooka unaofuata nondo chini ya slabu au pembeni mwa nguzo, wenye doa la hudhurungi, maana yake ni hiyo.

Unapojenga, simamia mambo manne. Maji yawe matamu, kamwe yasiwe ya bahari wala ya kisima cha chumvi, na mchanga uwe umeoshwa. Maji yasizidi lita 22 au 23 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, ukihesabu na yaliyomo mchangani. Fundi atataka zaidi ili zege limiminike kwa urahisi, lakini kila lita ya ziada huacha vitundu ambavyo chumvi itapitia. Zege linalofunika nondo liwe na unene wa milimita 50 kwa sehemu zinazopigwa na upepo wa bahari, na nondo ziinuliwe kwa vipande vidogo vya saruji vilivyotengenezwa mapema, si kwa mawe ya kuokota wala mbao. Na zege lifunikwe na kuloweshwa kwa siku saba bila kukosa. Siku mbili za jua la Malindi pasipo maji zinaharibu uso ambao ndio ngao yenyewe.

Zege lililokwisha pasuka litegemezwe kwanza kwa nguzo za mti, kisha ligongwe kwa nyundo ili kujua uwazi unaishia wapi. Bandua hadi upite nyuma ya nondo kwa sentimita mbili na hadi ufikie chuma kisicho na kutu pande zote mbili, kisugue mpaka king'ae, kioshe kwa maji matamu, kisha ujaze kwa mchanganyiko mzito wa saruji ulioshindiliwa vizuri. Kupaka plasta juu ya kutu ni kuificha tu, nayo itaendelea kula. Nondo ikiwa imeliwa kiasi cha kuonekana kwa jicho, acha kazi na umwite mhandisi, hasa ikiwa ni nguzo au baraza linaloning'inia juu ya watu.

Hewa ya ndani haihitaji maneno mengi. Jiko na bafu viwe na madirisha yanayofunguka pande mbili zinazokabiliana, makabati yaachane na ukuta kwa sentimita 10, na chumba chenye kiyoyozi kisipakwe rangi isiyopitisha hewa.

Ukaguzi wa kila mwaka na makubaliano na fundi

Machi ni mwezi wa kupanda darini, kusafisha milizamu na mitaro na kung'oa miche. Mei, ambao ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi kwetu, ni wa kutazama tu na kuchora mabaka mapya. Julai na Agosti ni za matengenezo. Maji ya chokaa ya nje yarudiwe kila baada ya miaka michache, upande wa kusi mapema zaidi kuliko mwingine.

Unapopatana na mwashi, mwambie akuonyeshe ukuta alioupiga chokaa miaka mitatu au zaidi iliyopita, uende ukauguse mwenyewe na uzungumze na mwenye nyumba. Andikeni vipimo vya mchanganyiko, idadi ya tabaka, siku za kulowesha na ni nani atakayelowesha, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia, kila mmoja akidhani mwenzake atafanya. Malipo yagawanywe kwa hatua, na fungu la mwisho libaki mkononi mwako, kwa maandishi na kwa ridhaa yake, hadi masika ya kwanza yapite na mtazame ukuta pamoja.